Dirisha Nyuma ya Jiko Langu

Nyumba tuliyopanga Lindi mjini ilikuwa na dirisha moja tu la chumbani, nalo lilitazama barabara. Jiko langu nililiweka chini ya dirisha hilo kwa sababu barazani hapakuwa na nafasi nyingine. Mwanzoni nilikuwa na meza moja, karai la mafuta na sinia la pweza. Nilianza kuuza baada ya magharibi, na watu wa isha wakishatoka msikitini na kununua chao, nilizima mkaa nikaingia ndani.

Barabara yetu ilikuwa ya maduka. Vitenge, vifaa vya ujenzi, dawa, fundi wa simu. Jua likizama milango yote ilishushwa na mtaa ukapoa kabisa, ungedhani hakuna mtu anayeishi pale, kumbe nyuma ya maduka na ghorofani tulikuwa tumejaa. Kisha zikafungwa taa mpya za barabarani. Ni jambo dogo ukilisema, lakini taa zile zilibadilisha kila kitu. Watu walianza kutoka. Vyumba vya Lindi vina joto, hasa miezi ile ambayo mvua inatishia na hainyeshi, na mtu akiona pana mwanga, pana upepo na pana harufu ya samaki wa kukaanga, hawezi kukaa ndani akijipepea na kipande cha boksi.

Nikaongeza meza. Mwenzangu mmoja akaja na chipsi, mwingine na chai ya tangawizi na chapati. Halafu akaja muuza mishikaki, kijana mwenye tumbo kubwa na kicheko kikubwa zaidi ya tumbo, aliyezaliwa Dar es Salaam na kufuata mke huku kwetu. Huyo alileta spika. Wasafiri waliolala mjini wakisubiri basi la alfajiri walikuja, watumishi wa maofisini walikuja, mafundi waliokuwa wakijenga huko juu walikuja na matope yao miguuni. Viti vya plastiki vilisogea taratibu kutoka barazani hadi ukingoni mwa lami, kisha vikashuka kwenye lami yenyewe. Kuna usiku tulifunga biashara muadhini akiwa karibu kuadhini alfajiri.

Mimi nilifurahi. Siwezi kusema vinginevyo. Nimetoka katika familia ya wakulima wa korosho kule uwanda wa Makonde, ambako pesa huonekana msimu mmoja kwa mwaka, na hapa nilikuwa naiona kila jioni. Wenzangu walinichagua niwe msemaji wao kwa sababu mdomo wangu ni mwepesi na sikuwa namwogopa mgambo.

Mume wangu alikuwa dereva wa basi la Dar. Leo anakwenda, kesho anarudi, keshokutwa anakwenda tena. Usiku wa kulala nyumbani alipaswa kulala mapema, maana saa tisa za usiku aliamka, akaoga, akaenda stendi kukagua gari. Ni Mmwera, mtu wa maneno machache, na wenzangu walinitania kwamba Mungu aliona mimi nasema kwa watu wawili akanipa wa kunipumzisha. Alikuwa akila hapo mezani kwangu, ananawa, ananiambia, “Haya, mama watoto, mimi naingia,” na baada ya dakika chache nilikuwa nikigeuka naona taa ya chumbani imezimwa. Nilijua amelala. Chumba chenye giza mtu yuko kitandani, ningedhani nini?

Aliyelalamika kwanza alikuwa mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili. Alikuja mwenyewe jioni moja, kanzu imepigwa pasi, akasimama pembeni ya jiko mpaka nilipomaliza kumhudumia mteja.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Biashara inaendaje?”

“Alhamdulillahi.”

Akashusha sauti. “Unajua mke wangu hali yake. Tangu apate kile kiharusi lazima nimgeuze kila baada ya muda usiku ili asipate vidonda. Nikimgeuza, nataka na yeye apate usingizi na mimi nipate. Siwakatazi kuuza. Ila lile spika, mwanangu. Dirisha linatikisika.”

Nilimwomba radhi kwa moyo wote. Alipoondoka nilimfuata muuza mishikaki, naye akapunguza sauti palepale, akaniambia, “Dada, kwa mwalimu sina neno.” Baada ya muda wateja wa meza yake wakapaza sauti wasikizane, yeye akapaza muziki usizidiwe na wateja, na tukarudi palepale. Ikawa hivyo siku nyingi. Mwalimu anakuja, tunapunguza, inapanda. Mwishowe akaacha kuja. Nilipomwona barabarani aliitikia shikamoo yangu huku macho yake yameangalia mbele.

Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na hakwenda peke yake. Ikafika siku akaja afisa wa halmashauri, akapita meza kwa meza, akatuambia kwamba barabara si ukumbi na kwamba wakazi wamechoka. Tukitaka kuendelea, twende tukae nao kwenye mkutano tukubaliane, la sivyo viti vitabebwa na gari. Muuza mishikaki alicheka mbele yake, ila alipoondoka hakucheka tena. Wote wakanitazama mimi.

Mkutano uliitishwa Jumamosi alasiri katika darasa la shule ya msingi. Watu wazima tulijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Wakazi walikaa upande wa madirisha na sisi tukakaa upande wa mlango, bila ya mtu kutupanga. Mwalimu alisema kwanza. Alisema kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko kama angetukana. Baada yake akasema mama mmoja mwenye mtoto mchanga, kisha fundi cherehani ambaye baraza lake tulilikalia na kuliacha na mifupa.

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi. Niliwaambia kwamba kabla yetu barabara ile ilikuwa na vibaka, na kwamba siku hizi binti anaweza kutoka dukani usiku akafika kwao. Niliwauliza kama kuna mtu ndani ya darasa lile ambaye hajawahi kula kwetu. Nikasema sisi hatuuzi bangi wala gongo, tunauza pweza, chai na chapati, na watoto wetu wanasoma humuhumu katika shule hii kwa jasho la usiku. Upande wa mlango walipiga makofi. Hata upande wa madirisha nilimwona mmoja akitabasamu. Nilihisi tumeshinda.

“Nani mwingine?” mwenyekiti akauliza.

“Mimi.”

Niliifahamu sauti kabla sijageuka. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, bado amevaa shati la kazi. Siku ile alikuwa anarudi kutoka Dar na sikutegemea kumwona mpaka jioni. Nilifikiri amekuja kunisaidia.

“Mimi ni dereva,” alisema, “na wengi mnanijua. Ninalala kwenye dirisha ambalo chini yake ndipo jiko lilipo.”

Watu walicheka. Mtu akapaza sauti, “Si jiko la mkeo hilo!”

“Ni la mke wangu. Na mimi nakula hapo.” Alingoja wanyamaze. “Safari iliyopita, kwenda, tulikuwa tumeshapita Nangurukuru. Abiria wameshakunywa chai, wamelala. Tunakaribia Somanga, pale wanapouza samaki kando ya barabara. Nilifumba macho. Sikumbuki kuyafumba. Ninachokumbuka ni konda ananipiga begani anapiga kelele, na tairi la kushoto liko nje ya lami. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja na sinia lake kichwani. Wenzake wamekimbia, yeye amesimama tu ananitazama. Nilikata usukani. Nilimpita hivi.” Akaonyesha kwa mikono miwili umbali ambao ungetosha kupitisha mlango. “Abiria wengine hata hawakuamka.”

Nje watoto walikuwa wakicheza mpira.

“Simlaumu mtu,” alisema. “Mke wangu hajasema uongo hata neno moja. Lakini mimi sijalala usiku mzima katika nyumba yangu tangu zifungwe zile taa. Naziba masikio kwa pamba, najifunga kanga kichwani. Nikizima taa, nakaa macho gizani mpaka saa ya kuondoka. Nimeona niseme, maana nilikuwa na watu zaidi ya hamsini nyuma yangu.”

Akaondoka. Hakungoja mtu amjibu, hata mimi. Mwenyekiti alinitazama kama kwamba zamu ni yangu tena. Nikakaa. Yaliyofuata niliyasikia kwa mbali: spika zote kuzimwa saa nne, meza kuondolewa barabarani saa sita, jiko lolote lisikae chini ya dirisha la mtu anayelala. Muuza mishikaki alibisha, wengine wakabisha, na kila aliyebisha alikuwa akinitazama mimi aone kama nitasema. Sikusema.

Nyumbani nilimkuta mume wangu ameketi kitandani, viatu amevua, soksi bado.

“Mimi ni nani kwako?” nilimwuliza. “Mpaka nisikie mkutanoni pamoja na fundi cherehani?”

“Keti.”

“Siketi. Umekaribia kufa, umekaribia kuua watu, umerudi, umekula samaki wangu, umenawa, umeniambia naingia. Hukuweza kuniambia?”

“Ningekuambia lini?” alisema. Hakupandisha sauti. “Ukiingia ndani, mimi natoka. Nikirudi, wewe unawasha mkaa. Hebu niambie, mama watoto. Ningekuambia saa ngapi?”

Nilitafuta saa hiyo. Nilisimama pale mlangoni nikaitafuta katika wiki nzima, nikapita siku zote moja moja, na sikuiona. Hasira haikuniisha, ila sikujua tena niielekeze wapi. Nikatoka nikawasha mkaa, maana jioni ilishafika na samaki walikuwa kwenye ndoo.

Habari katika Lindi haihitaji gari. Kabla ya wiki kwisha tajiri mwenye basi alishasikia. Alimwita mume wangu, akamshukuru kwa ukweli wake, kisha akampa usukani mtu mwingine. Alimwambia apumzike kidogo. Konda alikuja nyumbani kutupa pole, akakaa ukingoni mwa kiti akizungusha kofia yake mikononi, akasema, “Kaka, si ungenyamaza tu kama mimi nilivyokunyamazia?” Mume wangu akamjibu kwamba yule mama na sinia lake alikuwa haondoki machoni.

Kwa wenzangu nilikuwa msaliti, au mke wa msaliti, sikujua lipi baya zaidi. Muuza mishikaki hakunitukana. Alikusanya jiko lake na spika lake akahamia karibu na stendi, ambako hakuna anayelala, na nusu ya wateja wakamfuata. Mimi nilivuka barabara, nikaweka meza mbele ya duka la vifaa vya ujenzi lililokuwa na ukuta mtupu ghorofani, usio na dirisha. Saa nne tulizima kila kitu chenye waya. Watu waliobaki walikula wakinong’ona kana kwamba wako msibani, na saa sita nilikuwa nikipanga viti, namwona mume wangu ng’ambo, amesimama barazani kwetu, hajalala.

Hilo ndilo lililonisumbua. Mtaa umenyamaza, kazi ya alfajiri haipo, kitanda kipo, na bado hakulala. Alizunguka uani. Alifungua bomba la maji akalifunga. Nikiingia ndani nilimkuta anatazama dari. Nilimwuliza anasikia nini, akasema, “Hakuna. Nangoja kelele.” Nami nikilala pembeni yake nikawa nangoja naye. Tulilala tumepeana migongo kama watu wawili waliowekwa kulinda ghala moja, kila mmoja anajifanya amelala ili mwenzake alale.

Baada ya muda tajiri mwingine alimpa gari la Nachingwea, linaloondoka mchana. Si gari la fahari kama la Dar, viti vyake vimechanika, na njiani linasimama kila penye mtu na gunia. Lakini aliondoka jua likiwa juu. Safari za kwanza nilimpigia simu kila kituo mpaka akaniambia nimwache aendeshe.

Ramadhani ikaja, na kila tulichokubaliana kikatetereka. Mji mzima ulikuwa unalala mchana na kuamka usiku. Watu walifuturu, wakasali tarawehe, halafu wakataka kukaa nje na kula kitu mpaka wakati wa daku. Ungewaambiaje saa sita ondokeni? Wenzangu walioninunia walirudi mmoja mmoja kuniomba nikaseme. Mwenyekiti alinisikiliza, akakuna kichwa, akaniambia, “Nenda kwa mwalimu. Akikubali yeye, mimi sina tatizo.”

Nilikwenda alasiri, nimebeba bakuli la supu ya pweza kwa ajili ya futari yao. Mwalimu alinikaribisha mpaka chumbani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mkewe alikuwa ameegemezwa mito, dirisha la barabarani liko pembeni yake kabisa. Nilimwamkia. Upande mmoja wa mdomo wake uliitikia.

Nilimweleza mwalimu shida yetu. Alifikiri, akasema, “Ramadhani ni Ramadhani. Kaeni mpaka daku. Ila spika hapana.”

“Hapana, mwalimu. Spika halipo tena.”

Mkewe akasema kitu. Ulimi ulikuwa mzito na sikumwelewa. Mwalimu aliinama, naye akarudia, polepole, akisukuma kila neno.

“Anauliza,” mwalimu alisema, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyepewa kitu asichojua akiweke wapi, “yule aliyekuwa anacheka sana, yuko wapi?”

“Muuza mishikaki? Amehamia stendi, bibi.”

Mgonjwa akageuza macho dirishani. Kisha akasema tena, na safari hii nilimwelewa mwenyewe. Alisema alikuwa akimsikia kila usiku. Alisema alijua mpaka hadithi zake, na kuna moja ya mbuzi na trafiki ambayo hakuisikia mwisho wake.

Mwalimu aliketi ukingoni mwa kitanda. Hakuna aliyekuwa amemwuliza mkewe, si mwalimu mwenyewe wala sisi, wala mkutanoni hakuna aliyesimama akasema labda tumwulize mgonjwa. Niliaga nikatoka. Jioni ile nilimpigia simu muuza mishikaki, na baada ya kufuturu alikuja na mishikaki michache kwenye gazeti, akaingia kwa mwalimu kama mtu anayeingia msikitini, tumbo amelivuta ndani. Mimi nilikuwa ng’ambo nageuza samaki. Nilisikia kicheko chake kupitia dirishani, kimoja tu, kisha akakizuia. Hakurudi kuuza pale. Stendi palikuwa pamemkubali.

Baada ya Idi saa sita ikarudi kuwa saa sita. Mwenyekiti alipita mwenyewe kutukumbusha, na hatukubishana. Wakati huohuo tajiri wa zamani akampigia simu mume wangu. Dereva aliyempa gari alikuwa anakwangua mabasi ya wenzake stendi, na tajiri akamtaka mume wangu arudi. Mume wangu alikaa na jambo hilo siku kadhaa. Safari hii aliniambia. Alingoja nimalize kufunga, akanisaidia kubeba viti, tukakaa barazani taa za barabarani zikituwakia, akaniambia, “Nikirudi kwenye basi la Dar, sitalala katika nyumba hii.”

“Tukihama, jiko langu je?”

“Jiko libaki hapa. Sisi tuhamie mlimani, kwenye utulivu.”

“Niwe napanda mlima usiku wa manane na ndoo?”

“Kuna bodaboda.”

Tulibishana mpaka jirani mmoja akakohoa dirishani, tukashusha sauti, kisha tukacheka kwa kujizuia, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya kwa miezi. Tulipata vyumba viwili Mtanda, juu, nyumba ya mwisho kabla ya mihogo ya watu. Alirudi kwenye basi la Dar. Usiku wa kwanza kule nilifunga biashara kama kawaida, nikapanda bodaboda na ndoo yangu mapajani, upepo unanipiga usoni, nikafungua mlango polepole. Alikuwa amelala. Amelala kwelikweli, mdomo wazi, mkono mmoja umening’inia nje ya kitanda, na sikumbuki mara ya mwisho nilipomwona hivyo.

Nililala pembeni yake. Hapakuwa na muziki, hapakuwa na kiti kinachoburutwa wala mtu anayeita chai. Nilisikia pumzi zake na majani ya mihogo. Nikageuka upande huu, nikageuka upande ule. Mwisho niliinuka nisije nikamwamsha, nikatoka nje na kanga mabegani, nikakaa kizingitini. Chini kule mji ulikuwa na taa zake, na stendi bado ilikuwa hai. Nilikaa pale nikijaribu kukisia taa ipi ni ya barabara yetu, mpaka kengele ya saa tisa ya simu yake ikalia ndani, nikamsikia anaamka, anapapasa ukuta asioujua bado akitafuta swichi.